Ua la Msitu wa Mbololo: Lilee la Duka Kivulini Nyumbani, la Msituni Liache Lilipo

Kuna ua moja dogo ambalo, duniani kote, humea lenyewe mahali pamoja tu: Msitu wa Mbololo, hapa Kaunti ya Taita Taveta. Halipo Nairobi wala Mombasa, na hata kwenye milima mingine ya kaunti yetu halimei porini. Wataalamu wa mimea huliita Streptocarpus teitensis, na jina hilo la pili lina maana ya "la Taita". Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeliweka katika daraja la mimea iliyo hatarini zaidi kutoweka.

Ndugu zake, kwa upande mwingine, wanajulikana kila mahali. Ni yale maua ya vyungu vidogo yanayowekwa madirishani, ya rangi ya zambarau, waridi au nyeupe, yenye majani manene yaliyojaa vinyweleo kama vya kitambaa cha mahameli. Wauzaji wa maua wa Nairobi na Mombasa huyauza kwa jina la African violet. Katika makala haya tutayaita urujuani.

Wananchi wengi wangependa kuwa na ua hili nyumbani, na kiwanja chenye kivuli cha migomba au miparachichi kinalifaa sana. Makala haya yanaeleza namna ya kulilea. Yanaeleza pia kwa nini mmea wa kulea usitoke msituni Mbololo.

UA LENYEWE NI LIPI?

Urujuani ni mmea mfupi usio na shina refu. Majani yake hupangika mviringo kama sahani karibu na ardhi, na kila jani lina kikonyo chenye maji mengi ndani. Maua hutoka katikati ya majani. Kila ua lina petali tano, na katikati yake kuna vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Ukiangalia kwa makini utaona kijiti chembamba kilichoinama upande mmoja. Katika maua mengine kijiti hicho huinamia kulia, na katika mengine kushoto.

Ua hili halina asali ya kumvutia mdudu. Nyuki wa porini hulifuata kwa ajili ya chavua. Hulishika ua na kuvuma kwa nguvu hadi chavua imwagike. Nyuki hao wakikosekana, mbegu nazo hupungua.

Porini, urujuani humea kwenye majabali na miteremko yenye kivuli kizito, mahali ambapo ukungu hupita na maji hutiririka bila kutuama. Mizizi yake ni mifupi, nayo hushika udongo kidogo uliojikusanya kwenye nyufa za mawe pamoja na majani yaliyooza. Jinsi linavyoishi huko msituni ndivyo linavyotaka kuishi nyumbani: kivuli, unyevu wa hewani, na mizizi isiyolala majini.

LILIVYOZUNGUKA DUNIA

Mwaka wa 1892, ofisa wa utawala wa Kijerumani kule Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona maua ya aina hii katika eneo la Usambara. Mbegu zilifika Ujerumani, na mwaka wa 1893 mtaalamu Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akayapa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya ofisa huyo. Mwaka wa 1926 kampuni moja ya maua ya Los Angeles, Marekani, iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikachagua mimea bora na kuanza kuizalisha kwa ajili ya kuuza. Kufikia mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani walikuwa tayari wameanzisha chama chao.

Leo kuna maelfu ya aina zilizozalishwa na watu. Karibu zote zinatokana na mimea ya milima ya Tanzania na pwani ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba umewafanya wanasayansi waunganishe kundi la Saintpaulia na kundi kubwa zaidi la Streptocarpus, ndiyo maana vitabu vya zamani na vipya hutaja majina tofauti kwa mmea ule ule.

Kenya ina urujuani wa porini wa pwani pia. Aina moja humea kwenye majabali ya chokaa ya Kaunti ya Kilifi, maeneo ya Chasimba na Kacharoroni. Lakini huu wa Mbololo ni spishi ya peke yake, na makao yake ni msitu wenye ukubwa wa karibu hekta 200 tu.

"UA NI LETU, KWA NINI TUSILICHIMBE?"

Hili ni swali la haki. Babu zetu waliitunza misitu hii kabla ya kuwapo kwa serikali yoyote ya kuandika sheria. Maeneo ya fighi yalihifadhiwa kwa makatazo ya wazee, na hakuna aliyeingia humo kukata mti. Basi mtu anaweza kuuliza: kama ua ni la Taita, kwa nini Mtaita azuiwe kulichukua?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Mmea ulio na makao mamoja hauna akiba. Mtu akichimba miche 20 kwenye jabali moja, huenda jabali hilo likabaki tupu, kwa sababu mbegu za urujuani ni ndogo mno na mche unaoota kwenye mwamba hufa kwa urahisi jua likiupata. Mti ukianguka au ukikatwa juu ya jabali, kivuli huondoka na kundi zima la mimea hukauka. Msitu wenyewe umepungua sana katika vilima vya Taita kwa miaka mingi ya kufyeka mashamba na kupanda misonobari na mikaratusi. Mbololo ni miongoni mwa vipande vikubwa vilivyobaki.

Jibu la pili ni kwamba mmea uliochimbwa msituni mara nyingi hufa. Mizizi hukatika wakati wa kuubandua kwenye mwamba, halafu unapelekwa kwenye jua na udongo mzito. Aliyeuchimba hupata wiki chache za maua, na msitu hupoteza mmea uliochukua miaka kukua.

Jibu la tatu ni la sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kukata, kung'oa au kutoa mazao ya msitu wa umma bila kibali. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde rasilimali za vinasaba na uanuwai wa viumbe. Mtafiti anayetaka kuchukua mmea au mbegu kwa ajili ya vinasaba vyake lazima apate kibali cha Mamlaka ya Mazingira, NEMA, pamoja na makubaliano ya namna jamii itakavyofaidika.

Hoja hii ya mwisho inamhusu kila mwananchi anayeishi karibu na msitu. Mgeni akija na kukuomba umwonyeshe maua na umchimbie machache kwa malipo, mwulize kibali chake. Urujuani wa Usambara uliondoka kwa namna ya mbegu chache mfukoni, ukawa biashara kubwa ng'ambo, na wenyeji wa milima ile hawakuulizwa. Wa Mbololo bado uko nyumbani. Anayemchimbia mgeni kwa shilingi chache anauza kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena.

BASI NIPANDE UPI?

Panda urujuani wa vitalu, ule uliozalishwa na watu. Unapatikana kwa wauzaji wa maua mijini, na mara nyingi kwa jirani aliye nao tayari. Huhitaji kununua mmea mzima, kwa kuwa jani moja lenye afya linatosha, kama tutakavyoeleza.

Ukikuta mtu anauza kando ya barabara mimea yenye mizizi iliyokatika, iliyoshikana na kuvu na vipande vya mwamba, usinunue. Hizo ni dalili kwamba imetolewa porini.

Onyo moja muhimu: usiupeleke urujuani wa dukani ukaupande msituni Mbololo, hata kwa nia njema ya kuongeza maua. Mimea hii ya ukoo mmoja huweza kuchavushana, na uzao wake ukawa mchanganyiko. Vilevile, mmea wa chungu unaweza kubeba wadudu na magonjwa ya mizizi ambayo msitu haukuwa nayo.

KUCHAGUA MAHALI

Urujuani unataka mwanga lakini hautaki jua kali. Njia rahisi ya kupima ni hii: weka mkono wako juu ya mmea saa sita mchana. Kivuli cha mkono kikiwa kikali chenye kingo zilizo wazi, jua ni kali mno. Kikiwa hafifu lakini unakiona, mahali panafaa. Kama hukioni kabisa, mmea utaishi lakini hautatoa maua mengi.

Wakazi wa Wundanyi, Mgange, Werugha na maeneo mengine ya juu wana hali ya hewa inayokaribia ile ya msituni. Hapo chungu kinaweza kukaa barazani upande wa mashariki, kinapopata jua la asubuhi kwa muda mfupi. Chini ya mgomba au mparachichi panafaa pia, mradi chungu kiinuliwe juu ya mawe ili maji ya mvua yasitiririkie ndani. Katika miezi ya baridi na ukungu, kuanzia Juni hadi Agosti, punguza maji, na usiku ulete mmea karibu na ukuta wa nyumba.

Wakazi wa Voi, Mwatate ya chini na Taveta wana kazi zaidi, kwa sababu joto la mchana huko hupita linalopendwa na mmea huu. Uweke ndani ya nyumba karibu na dirisha lisilopigwa na jua la alasiri. Chini ya chungu weka sahani pana yenye kokoto na maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto bila kugusa maji. Mvuke unaopanda utaupa unyevu. Usiuweke kwenye ukuta wa magharibi hata kama kuna mti, kwa kuwa jua la saa tisa hupenya chini ya matawi.

UDONGO NA CHUNGU

Makosa mengi huanzia hapa. Udongo mwekundu wa shamba peke yake ni mzito, hushika maji na kuozesha mizizi. Changanya hivi:

- sehemu mbili za mboji ya majani yaliyooza vizuri
- sehemu moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, uliooshwa
- sehemu moja ya makaa yaliyopondwa vipande vidogo kama punje za mahindi

Mboji ya majani itengeneze mwenyewe. Kusanya majani ya miti ya nyumbani, yarundike kivulini, yamwagie maji mara moja kwa wiki na uyageuze hadi yawe meusi na yavunjike mkononi. Usitumie majani ya mkaratusi. Na usichukue udongo wa msituni, kwani udongo huo ndio makao ya miche ambayo hata haijaonekana.

Kabla ya kutumia mchanganyiko, umwagie maji yanayochemka ili kuua minyoo ya mizizi na mayai ya wadudu, kisha uuache uchuje na upoe kabisa.

Chungu kiwe kidogo. Kipimo kizuri ni upana wa theluthi moja ya upana wa mmea. Mkebe wa zamani unafaa ukitobolewa matundu manne au matano chini. Chungu kikubwa hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haifiki, na huo ndio huozesha mmea.

KUMWAGILIA MAJI

Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, mwagilia, na ukiwa na unyevu, subiri. Watu wengi huua urujuani kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Maji baridi yakianguka kwenye jani lenye joto huacha madoa ya duara yasiyofutika. Tumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba usiku kucha. Njia iliyo salama zaidi ni kuweka chungu kwenye sahani yenye maji kwa nusu saa, halafu kukitoa na kumwaga maji yaliyobaki.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya visima vyenye chumvi, yanayopatikana sehemu nyingi za nyanda za chini, huacha ukoko mweupe juu ya udongo na kuunguza vikonyo. Kama huna mengine, kila mwezi upitishie mmea maji mengi ya mvua au yaliyo laini ili chumvi itoke chini.

Mbolea iwe kidogo. Loweka mboji katika maji, chuja, kisha ongeza maji hadi rangi iwe kama chai hafifu. Mara moja kwa mwezi inatosha. Samadi mbichi usiiweke kabisa, kwani huunguza mizizi.

KUZALISHA KWA JANI MOJA

Hapa ndipo urujuani unapomlipa mlezi wake. Jani moja huweza kutoa miche kadhaa.

1. Chagua jani la safu ya kati. La nje kabisa limezeeka, la katikati ya mmea bado ni changa.
2. Likate kwa wembe safi, ubakize kikonyo cha sentimita tatu hivi. Kata kwa mshazari.
3. Liache kivulini kwa robo saa ili kidonda kikauke.
4. Jaza mkebe mdogo mchanganyiko wa nusu mchanga na nusu mboji, wenye unyevu lakini usiotota.
5. Chomeka kikonyo kwa mshazari, kiingie sentimita moja na nusu. Jani lenyewe lisiguse udongo.
6. Lifunike. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia chupa ya plastiki inayopenya mwanga iliyokatwa chini. Fungua kifuniko chake kila siku kwa muda mfupi ili hewa ipite.
7. Weka penye mwanga bila jua. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, na miche midogo huchomoza baada ya miezi miwili hadi mitatu.
8. Miche ikifikia theluthi moja ya ukubwa wa jani mama, itenganishe taratibu, kila mmoja na mizizi yake, na uipande katika vyungu vyake.

Ikitunzwa vizuri, miche hiyo huanza kutoa maua baada ya miezi sita hadi tisa. Vikundi vya akina mama na vijana vyenye vitalu vya miche vinaweza kuongeza vyungu hivi kwenye bidhaa zao, kwa kuwa mtaji wake ni jani, mkebe na subira.

DALILI ZA MATATIZO

- Majani yamelegea ingawa udongo una maji: mizizi imeoza. Toa mmea, kata palipooza, na uokoe majani mazuri kwa kuyapanda upya.
- Majani yamekuwa ya manjano na yana kingo zilizoungua: jua ni kali. Sogeza kivulini.
- Vikonyo virefu vinavyonyooka kutafuta mwanga, bila maua: kivuli kimezidi.
- Vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani: vitoe kimoja kimoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na utenge mmea huo na mingine.
- Majani ya katikati yamejikunja na kuwa madogo na magumu: mara nyingi ni utitiri. Teketeza mmea huo kabla haujaambukiza mingine.

BUSTANI HAICHUKUI NAFASI YA MSITU

Miche yote inayotokana na jani moja ni nakala ya mama yake. Ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuiua yote. Katika Msitu wa Mbololo hali ni tofauti: kila mmea uliotokana na mbegu una tofauti ndogo na mwenzake, na tofauti hizo ndizo zitakazousaidia kustahimili ukame au ugonjwa wa miaka ijayo. Hata vyungu elfu kumi madirishani haviwezi kuweka akiba hiyo. Huwekwa na jabali lenye kivuli, nyuki wa porini na ukungu wa asubuhi.

Ukitembelea msitu, fuata njia zilizopo, piga picha na uache mmea ulipo. Plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika misitu na hifadhi tangu Juni 2020. Ukiona watu wakichimba mimea au kukata miti, toa habari kwa kituo cha Huduma ya Misitu (KFS), kwa chama cha jamii cha uhifadhi wa msitu au kwa chifu wa eneo lako.

Kwa ushauri kuhusu mboji, vitalu na magonjwa ya mimea, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukienda, beba jani lenye tatizo ndani ya karatasi kavu ili aweze kuliona.